Jante za Gari la Maiti

Hippolyte alikuwa na kazi ambayo watu wa Nchelenge waliiheshimu sana, ilmradi isipite karibu na nyumba zao. Alitengeneza masanduku ya kuzikia na kuwapeleka marehemu makaburini. Akiingia baa, watu walisogeza viti. Akiuliza habari za nyumbani, walimjibu haraka haraka kwamba wote ni wazima, na hasa bibi, bibi ndiye mzima kuliko wote.

Hakuanza na wafu. Alizaliwa Kilwa, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, akajifunza useremala kwa mjomba wake, na alipovuka kuja Zambia alikuwa fundi wa mitumbwi ya mbao. Mitumbwi yake ilipendeza machoni lakini ilivuja, na wateja walirudi kulalamika wakiwa wameloa hadi kifuani. Ndipo akahamia kwenye masanduku. Huko hakuna mteja aliyerudi.

Alimwoa Orpha, binti wa wavuvi wa Kashikishi, mwanamke mwenye mikono myepesi ya cherehani na ulimi usio na breki. Orpha ndiye aliyeshona vitambaa vya ndani ya masanduku. Mtoto wao wa kwanza, Ilunga, alikuwa chuoni Mansa, kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Hippolyte Baba Ilunga, na Orpha alimwita hivyo hivyo kwa Kibemba, BashiIlunga, isipokuwa siku alizofanya ujinga. Siku hizo alimwita Hippolyte tu, kavu, bila sukari.

Gari lake lilikuwa Toyota ya kijivu, ndefu nyuma, ambayo aling'oa viti vyake vya nyuma akabakiza kibenchi kimoja ubavuni, akatundika mapazia ya zambarau. Ilitembea kwa magurudumu yake ya chuma ya tangu kuzaliwa, na vifuniko vya plastiki viwili. Viwili vingine vilikwishaanguka barabarani na kugeuzwa vyombo vya maji ya kuku. Kwa miaka sita hakuna marehemu aliyelalamika.

Kisha, kiangazi cha mwaka jana, akatokea mshindani kutoka Mwansabombwe mwenye gari jeupe na jante, yaani rimu za magurudumu, zinazong'aa. Hippolyte alilisikia jambo hilo makaburini, mahali anaposikia habari zake nyingi. Wanawake wawili wa kwaya walikuwa nyuma yake, na mmoja akamnong'oneza mwenzake:

"Miye nikikufa, munipeleke na ile motokari yenye kung'aa. Siyo hii ya Baba Ilunga. Hii inafanana na yenye kubeba mihogo."

Maneno hayo yalimwingia kama msumari. Alifikiri juu yake siku nzima, na siku ya tatu Florent akaja.

Florent alikuwa mfanyabiashara wa kuvuka na kurudi, Mkongomani mwenzake, mtu ambaye angeweza kumuuzia samaki kitana. Safari hii alishuka ufukweni na jante nne nyeusi zenye ukingo wa fedha, kubwa kama sinia za harusi, na matairi yake yakiwa yamekwishavishwa.

"Hippolyte, ndugu yangu, angaria," alisema akifuta moja kwa mkono wa shati lake. "Hii njo jante. Ile iko kwako, iko bifuniko bya sufuria."

"Itaingia kwa motokari yangu?"

"Shi angaria bitobo! Kumi! Hii inaingia kwa motokari ya kila mutu. Kama bitobo biko mingi, maana yake iko muzuri mingi."

"Na pine iko mupya?"

"Mupya, mupya. Angaria vile iko nyeusi."

Hippolyte alitazama, na kweli tairi lilikuwa jeusi. Akanunua.

Alizipeleka kwa Esnart ili azifunge. Esnart alikuwa na kibanda cha matairi kando ya barabara ya Kashikishi, na mashine ya upepo iliyokohoa kuliko mzee wa kifua. Alikirithi kibanda hicho kwa kaka yake, na watu walipodhani mwanamke atakifunga, yeye alinunua miwani na kuanza kusoma maandishi ya ubavuni mwa matairi kama mtu anavyosoma barua ya mahakama. Alikuwa Mzambia, Mbemba mtupu, lakini Kiswahili alikipata kwa wauza samaki wa Kongo, na alikisema kwa ukali uleule waliokuwa wakimkemea nao.

Aliizungusha jante ya kwanza, akainama, akavua miwani, akaifuta, akainama tena.

"Awe, hapana, Baba Ilunga. Hii siifungi."

"Ju ya nini?"

"Ju ya bintu bine. Motokari yako inataka jante ya kumi na tano, hii iko kumi na nane, na pine yake iko munene. Yote pamoja inapita yako kwa kimo, karibu sentimita tano. Tena hii inatoka inje sana, itachungulia inje ya madigadi. Tena hiki kitobo cha katikati ni kikubwa, gurudumu litacheza. Na tena angaria hapa." Aliweka kidole kwenye tarakimu nne zilizochongwa ubavuni: 0911. "Juma ya tisa, mwaka wa elfu mbili na kumi na moja. Hii pine ingekuwa mutoto, ingekuwa sekondari."

"Florent alisema iko mupya."

"Florent anasema na samaki yake iko mupya."

Watu wawili waliokuwa wakisubiri kuzibiwa tairi la baiskeli walicheka. Hapo ndipo penye kosa. Kama wasingecheka, pengine Hippolyte angesikia. Lakini mtu ambaye kazi yake humfanya aogopwe hakuzoea kuchekwa, na damu ilimpanda.

"Mama Esnart, miye nilikuja kutafuta kazi ya mikono. Sikuja masomo."

"Basi enda kwa mwenye mikono bila macho," alisema Esnart, akarudi kwenye baiskeli.

Mwenye mikono bila macho alipatikana mita mia mbili mbele, chini ya turubai, na alizifunga jante zote nne kabla chai haijapoa. Gari likainuka kama mtu aliyesimama juu ya kreti za bia. Magurudumu yalitokeza nje ya madigadi kila upande, yakang'aa, na Hippolyte alipopita barabara ya sokoni wavuvi walipiga miluzi. Gari lilikuwa tupu, kwa hiyo matairi hayakugusa bodi popote. Akajiambia kwamba Esnart ana wivu.

Nyumbani, Orpha alilizunguka gari mara moja, mikono kiunoni.

"Hippolyte," alisema.

Akajua maana yake.

"Liko kama nyanya aliyevaa viatu vya mjukuu wake," Orpha aliendelea. "Nani atapanda humu akiwa amekufa? Atashukaje?"

Jibu la swali hilo lilifika Ijumaa. Mama Clotilde alifariki. Alikuwa Mkongomani aliyefanya biashara ya samaki kwa miaka arobaini, aliolewa na Mzambia, akazika mume huko karibu na Mofwe, na aliacha neno kwamba atalala kando yake. Alikuwa mwanamke mkubwa kwa kila maana. Aliposhuka kwenye mtumbwi, mtumbwi ulishukuru. Sanduku lake Hippolyte alilipima mara tatu, akadhani kamba imedanganya, akapima ya nne, akaenda kununua mbao zaidi.

Mwanawe mkubwa, Kafula, ndiye aliyekuja kukodi gari.

"Baba Ilunga, banasema ulisha kupata motokari yenye majante. Mama alipenda bintu bya kung'aa. Tunataka hiyo."

Hippolyte alihisi kifua kikijaa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, mtu alikuja kwake kwa kuvutiwa, si kwa kukosa pa kwenda.

Jumamosi asubuhi wabebaji sita hawakutosha, wakaongezwa wanne. Sanduku lilipoingia, gari lilitoa sauti ya mtu anayeketi baada ya kula sana, na nyuma ikashuka. Kwenye kibenchi waliketi wanawake wawili wa kwaya, nao si wembamba. Kafula alikaa mbele. Wengine walifuata kwa basi dogo. Hippolyte akawasha taa, akaondoka polepole kuelekea kusini.

Tuta la kwanza, gari lilipiga kelele.

Haikuwa kelele ya chuma. Ilikuwa sauti ndefu, nyembamba, ya kulalamika, iliyotoka nyuma palepale alipolala marehemu. Wanawake wa kwaya wakanyamaza katikati ya wimbo. Shimo likaja; sauti ikaja tena, ndefu zaidi.

"Mama anasema nini?" Kafula aliuliza, macho yamemtoka.

"Hasemi kitu. Ni pine."

"Ile iko sauti yake! Njo vile alilia wakati bei ya samaki inashuka!"

"Kafula, mama yako alisha kufa. Iko pine inagusa bodi."

"Basi aambiwe tumesikia!" alisema mmoja wa wanawake nyuma, akaanza wimbo upya kwa sauti ya juu, na mwenzake akamfuata. Kila gari lilipolia, nao walipandisha sauti. Watu waliokuwa wakitembea kando ya barabara walivua kofia na kusimama, maana hawakuwahi kusikia msiba wenye uchungu kiasi hicho. Kisha ikaja harufu ya mpira unaoungua, na moshi ukaanza kupenya kwenye mapazia ya zambarau. Hippolyte, ambaye jasho lilikuwa limemlowesha mgongo wote, aliomba jambo moja tu: wafike kabla gari halijawaka. Marehemu hakuagiza kuchomwa.

Hawakufika. Kwenye kizuizi cha barabara alisimama mkaguzi wa magari aitwaye Davies, kijana mtaratibu mwenye viatu vilivyopigwa rangi. Aliona taa, aliona sanduku, akavua kofia kwa heshima. Halafu aliona magurudumu, akairudisha kofia kichwani.

"Bazee, poleni na msiba. Simamisheni kando."

Alichukua kijiti kilichonyooka, akakisimamisha wima kwenye ukingo wa madigadi. Tairi lilikuwa nje ya kijiti kwa upana wa vidole vinne. Akaingiza mkono juu ya tairi la nyuma, au alijaribu, mkono haukupita. Kilichotoka ni unga mweusi wa mpira na nyuzi. Bodi ilikuwa imelila tairi begani hadi likaonyesha utumbo wake.

"Hii motokari haiendeleyi," alisema.

"Mukubwa, nihurumie," Hippolyte alisema. "Iko kilomita kidogo tu. Niko na marehemu."

Davies aliwatazama Hippolyte, Kafula, na wale wanawake wawili waliokuwa wamechungulia kupitia pazia.

"Marehemu namuona. Yeye nilisha kumuachilia. Ni nyie bane njo nashindwa kuwaachilia. Hii pine ikipasuka, munataka masanduku ingapi?"

Hippolyte alihesabu vichwa. Kwa hesabu za kazi yake lilikuwa swali la haki kabisa.

Basi dogo la waombolezaji likafika na kusimama nyuma yao. Watu wakashuka, kila mtu na shauri lake. Wengine walisema sanduku liingie kwenye basi. Likapimwa, likagoma mlangoni. Wengine walisema libebwe kwa mabega. Wale wabebaji kumi wakageuka kutazama ziwa. Hippolyte alisimama kando ya gari lake linalong'aa na kufuka moshi, akatamani ardhi imchukue bila malipo wala sanduku.

Ndipo lori la samaki likatokea. Dereva wake, Chomba, alikuwa amebeba samaki wa Mama Clotilde kwa miaka ishirini kwenda Kopabeluti, kwenye migodi ya shaba. Alipoambiwa ni nani aliye ndani ya sanduku, alizima injini, akashuka, akaweka paji la uso kwenye mlango wa lori lake na kulia wazi wazi. Alikuwa hajapata habari. Kisha alijifuta na kiganja, akapanda nyuma na kuanza kusukuma kreti za samaki na barafu.

"Mulete," alisema. "Anajua njia."

Sanduku likapanda kati ya kreti. Kwaya ikapanda. Wabebaji wakapanda. Kafula alitaka kukaa mbele, akasita.

"Chomba, mama alikuwa anakaa wapi?"

"Mbele, upande wa dirisha. Alinizuia kukimbia."

Kafula akakaa nyuma, akaiacha ile nafasi ya dirishani tupu, na wakaenda hivyo hadi Mofwe, wakiimba, maji ya barafu yakidondoka barabarani. Mama Clotilde alizikwa akinukia samaki, na hakuna mtu makaburini aliyeona jambo hilo kuwa baya. Wengine walisema ndiyo safari nzuri kuliko zote walizowahi kumwona akisafiri, maana kwa mara ya kwanza hakugombana na mtu.

Hippolyte alikwenda nao, kwa sababu kamba za kuteremshia sanduku zilikuwa zake. Aliliteremsha sanduku polepole. Alingoja atukanwe, na hakutukanwa, na hilo lilimuuma zaidi. Mwisho Kafula alimshika mkono.

"Baba Ilunga, sanduku lilikuwa muzuri," alisema. Juu ya gari hakusema chochote.

Asubuhi ya Jumatatu Hippolyte alikuwa mbele ya kibanda cha Esnart kabla mwenyewe hajafungua. Alikuwa amekwisha kuandaa hotuba, lakini alipomwona akija na miwani yake ilitoka kwa kifupi.

"Mama Esnart, nilikuja masomo."

Esnart hakuhitaji kuelezwa. Habari zilikwishafika Nchelenge kabla ya lori kurudi. Alichukua jeki, wakapakia yale magurudumu ya zamani ya chuma kwenye lori la Chomba, wakaenda hadi kwenye kile kizuizi cha barabara. Walipofika, Davies alikuwa amelifunika gari lile kwa majani, kama mtu aliyefunika kitu cha aibu.

Jambo la kwanza Esnart alilofanya ni kufungua mlango wa dereva na kumwonyesha kibandiko kidogo kwenye nguzo. Hippolyte alikuwa amekiona kwa miaka sita na kudhani ni tangazo.

"Soma."

"195/65 R15. Halafu tisini na moja, na V."

"Hii njo motokari yako inajisemea yenyewe. Mia moja tisini na tano ni upana, kwa milimita. Sitini na tano ni kimo cha ubavu: katika kila mia ya upana, sitini na tano. Kumi na tano ni jante. Tisini na moja ni muzigo: kila pine inaweza kubeba kilo mia sita na kumi na tano. V ni mbio."

"Mbio hazinihusu," Hippolyte alisema. "Batu bangu hawana haraka."

"Lakini bako na uzito. Usishuke chini ya ile tisini na moja hata siku moja. Mama Clotilde hayuko wa mwisho munene."

Aliyafunga magurudumu ya chuma, gari likashuka mahali pake, likawa tena kama la mihogo. Hippolyte alilitazama kwa huzuni ambayo hakuweza kuificha.

"Basi niko wa kubaki na hizi."

"Nani alisema?" Esnart alijibu, akikaza nati. "Kung'aa haikatazwi. Kinachokatazwa ni ujinga. Jante ikikua, mpira upungue, kimo cha yote kibaki kilekile. Nitakupa jante ya kumi na sita na pine 205/55. Nilisha kupiga hesabu. Tofauti yake na yako haifiki milimita tatu."

Ilimchukua Esnart wiki mbili kuzipata, kwa sababu alikataa seti tatu. Ya kwanza matundu yake ya nati yaliachana kuliko nati za gari. Ya pili ilitoka nje sana. Ya tatu ilikuwa na ufa ambao muuzaji aliupaka rangi. Ya nne ilikuwa ya fedha, nadhifu, na ilipowekwa ilijificha ndani ya madigadi kama inavyotakiwa; tundu lake la katikati lilizidi kidogo, naye akalitia pete ili likae sawasawa. Matairi yalikuwa mapya kweli, ya mwaka huo, tisini na moja, V.

"Sasa tupime na muzigo," alisema.

Hapo pakawa na shida, kwa sababu marehemu hakuwepo. Orpha ndiye aliyeitatua. Alikwenda kuwaita wanawake sita wa kwaya, pamoja na yule aliyesema habari za mihogo, akawapanga nyuma ya gari kama mikate. Walikubali kukaa, kulala walikataa kata kata, ingawa Esnart alisema ingesaidia. Hippolyte akazungusha usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, akapita kwenye tuta, akapita kwenye shimo. Esnart alitembea kando na sikio chini. Hapakulia kitu isipokuwa wale wanawake, waliokuwa wakicheka.

Alipomaliza alimpa onyo moja: baada ya kilomita hamsini arudi nati zikazwe tena. Hippolyte alirudi baada ya arobaini na nane. Jante zile kubwa Florent alizichukua, baada ya Orpha kwenda kumsalimia ufukweni kwa sauti iliyosikika Kilwa, akamuuzia mtu wa Kaputa mwenye pikapu ndefu. Esnart alizipima kwanza kwenye pikapu hiyo, na alikataza yale matairi yasiende nazo. Orpha aliyakata akapanda majani ya maboga ndani yake.

Davies alilikagua gari lote siku ya cheti cha ukaguzi. Alisimamisha kijiti chake kwenye madigadi, akapitisha mkono juu ya tairi, akasoma kibandiko, akasoma ubavu wa tairi, akasaini. Hippolyte aliendesha hadi nyumbani taratibu kupita sokoni. Hakuna aliyepiga mluzi. Lakini mbele ya duka la mikate mwanamke mmoja alisimama, akatazama magurudumu, akatazama mapazia, akasema kwa mwenzake kwamba sasa hivi linaonekana kama gari la watu.

Jioni, jua likiwa bado juu ya ziwa, Orpha alimkuta mumewe amechuchumaa uani kwenye gurudumu la mbele na beseni la maji ya sabuni, akisugua katikati ya miguu ya jante, moja baada ya nyingine, ulimi umemtoka kwa umakini. Alikaribia kutabasamu. Kisha akasogea, akaona anachosugulia.

"Hippolyte," alisema. "Huo muswaki ni wa nani?"